Mtoto wa Jicho Aliyechafua Ziwa

Wahenga walisema macho hayana pazia. Ni wazi kwamba wahenga hao hawakuwahi kupimwa macho na daktari. Mwanamke tunayemsimulia hapa alikuwa na mapazia mawili, moja kwa kila jicho, na kwa miaka mitano mfululizo alilipima ziwa zima kupitia hayo hayo. Ziwa likafeli. Watu wakaondolewa kingoni mwa mito. Mkuu wake wa kazi akapanda ndege mara nne kwenda kuwaeleza watu wa mbali jinsi ziwa linavyokata roho. Na kaka yake, wa tumbo moja, akaacha kumjulia hali.

Kazini walimwita Mama Sahani, na mwenyewe aliitikia jina hilo upesi kuliko lile la kwenye kitambulisho. Sahani yenyewe haikuwa ya kulia, ingawa mgeni mmoja wa ofisi aliwahi kuomba apakuliwe. Lilikuwa bamba la chuma la duara, upana wake kama sahani ya mezani, limepakwa rangi robo nne: mbili nyeupe, mbili nyeusi. Katikati lilifungwa kamba yenye alama kila sentimita kumi. Unaliteremsha majini upande wenye kivuli cha boti, unainama, unalitazama likishuka mpaka linapotea. Unasoma kamba. Unalivuta mpaka lionekane tena. Unasoma kamba. Unachukua katikati ya namba hizo mbili, na huo ndio uangavu wa maji. Basi. Hakuna betri, hakuna nywila, hakuna fundi wa kuagizwa kutoka ng'ambo. Katika kituo cha kupima maji, kilichojaa mitambo iliyolala kwenye maboksi yake kama wafalme makaburini, sahani ndiyo iliyokuwa ikienda kazini kila wiki.

Hakusomea maji. Aliajiriwa kuwa mpiga chapa, enzi zile barua zilipopigwa kwa mashine yenye kelele kama mvua ya mawe kwenye bati. Kompyuta zilipoingia, mkuu wa wakati ule alimwita akamweleza kwa upole kwamba ofisi haina tena haja na vidole vyake, ila kuna nafasi kwenye boti, kwa kuwa mpimaji aliyekuwapo amegundua, baada ya miaka miwili, kwamba anaogopa maji.

"Wewe je, unaogopa maji?"

"Mkuu, nina watoto watatu na mama mkwe. Maji yatanifanya nini?"

Siku ya kwanza alitumbukia. Alipopandishwa alikuwa bado ameng'ang'ania kamba, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mita tatu na ishirini. Andikeni." Tangu siku hiyo hakuna aliyefikiria kumrudisha kwenye meza.

Ikapita miaka ishirini na minne. Boti ilikuwa ileile, na mwendeshaji alikuwa yuleyule, mwanamume mrefu, mkimya, ambaye walimwita Nahodha kwa sababu boti yake ilikuwa ndogo kuliko mabafu ya watu wengine. Kanuni ya kazi ilitaka macho manne: mmoja apime, wa pili apime kivyake, kisha namba zilinganishwe. Kwa hiyo kila walipotia nanga Mama Sahani aliinama, akatazama, akaitaja namba yake kwa sauti, na Nahodha, bila kuinama wala kuutoa mkono kwenye injini, alijibu, "Na mimi vilevile." Kwa miaka yote hiyo hawakuwahi kutofautiana hata sentimita moja. Chuo fulani kiliwahi kuandika kwamba huo ni usahihi wa kupigiwa mfano.

Kila mwaka kituo kilitoa ripoti ya afya ya ziwa na ya mito mitatu inayolilisha, na alama zilikuwa kama za shule. A ni ziwa ambalo ungeweza kulinywa huku umelala kifudifudi. E ni ziwa ambalo hata chura anafunga virago. Masomo yalikuwa matano: uangavu wa maji, oksijeni, mbolea inayooshwa kutoka mashambani, wadudu wanaoishi chini ya mawe ya mtoni, na uoto wa kingoni. Hayo ni kwa maandishi. Kwa vitendo, kipima oksijeni kilikuwa kikisubiri kipuri, kemikali za kupimia mbolea zilikuwa zimepitwa na wakati, na mtaalamu wa wadudu alikwenda masomoni akapenda hukohuko. Yakabaki masomo mawili, uangavu na uoto, na huo uoto, mkuu wa kituo aliupima mwenyewe akiwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa.

Kwa hiyo ziwa zima lilibebwa na sahani. Na sahani, miaka hiyo mitano, ilizidi kupotea mapema. Katikati ya ziwa, palipokuwa na mita tatu na zaidi tangu enzi za mashine ya chapa, ikawa mbili na nusu. Ikawa mbili. Ikawa moja na themanini. Mwaka wa tano ikagota kwenye moja na arobaini. Alama ikashuka kutoka B ikapitia njia yote hadi E, kama mtoto aliyepata marafiki wabaya.

Mama Sahani aliumia. Alikuwa akirudi nyumbani akimwambia mumewe, "Lile ziwa linaniacha hivihivi nikilitazama." Mumewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa akiitikia kutoka nyuma ya gazeti.

Mkuu wa kituo hakuumia hata kidogo. Ziwa zima halina hadithi, lakini ziwa linalokufa linaalikwa kwenye mikutano. Ukaja mradi wa kuliokoa, ukaja na gari jipya, na mwaka wa tatu ikaja amri: ni marufuku kulima ndani ya hatua thelathini kutoka ukingo wa mto wowote.

Kaka yake Mama Sahani alikuwa mkulima wa vitunguu. Shamba lake lilishuka mpaka mtoni, kiasi kwamba mistari ya mwisho ilikuwa ikijinywea yenyewe. Vigingi vyekundu vilipopigwa katikati ya vitunguu vyake, alifunga safari hadi kwa dada yake, akakataa kiti, akakataa hata maji.

"Mimi nilikubeba mgongoni ulipougua surua," alisema akiwa mlangoni. "Leo unanipima kwa sahani?"

"Kaka, mimi sikupimi wewe. Napima maji."

"Na maji ndiyo yaliyokuambia uninyang'anye vitunguu?"

Akaondoka. Miaka miwili hakurudi. Wakikutana njiani alikuwa akimsalimu mwalimu, shemeji yake, kwa bashasha kubwa, halafu anaulizia hali ya hewa.

Wakati huo nyumbani mambo madogomadogo yalikuwa yakienda kombo. Mama Sahani alitia chumvi kwenye chai, akasingizia watengenezaji wa sukari. Alilikaribisha ndani koti lililotundikwa mlangoni, akalilaumu kwa kukaa kimya. Taa za magari zilimchanua machoni kama maua. Alisema ni uchovu, ni vumbi, ni balbu za siku hizi.

Mpaka siku aliyotoka sokoni na mumewe. Alimshika mkono, kama alivyozoea, akaanza kumsomea: bomba la jikoni linavuja tangu mwezi jana, kila siku kesho, kesho, mwanamume gani asiyeweza kubadilisha hata mpira wa bomba. Walitembea hivyo mitaa miwili. Mwanamume huyo aliinamisha kichwa, akaomba radhi, akaahidi kulishughulikia. Sauti ndiyo iliyomshtua. Alikuwa mtu mwingine kabisa, mwenye shati la bluu kama la mwalimu. Mwalimu mwenyewe alikuwa nyuma yao hatua kumi, amebeba kikapu.

"Mbona hukuniita?" aliwaka Mama Sahani.

"Nilitaka kuona kama atakubali kulitengeneza."

Binti yao mkubwa, muuguzi, alipoisikia habari hiyo hakucheka. Kesho yake alimpeleka mama yake kliniki ya macho. Daktari alimmulika jicho moja, akamulika la pili, akaegemea kiti chake.

"Mama, una mtoto wa jicho."

"Daktari, mimi nina miaka hamsini na saba."

"Kila jicho lina wake."

"Basi ni mapacha," alisema Mama Sahani. "Mwite mwalimu aje aangalie kazi yake."

Walipanga kulitengeneza jicho la kulia kwanza, na la kushoto baada ya miezi miwili. Upasuaji wenyewe ulikuwa mfupi kuliko foleni ya kumwona daktari. Bendeji ilipotolewa, Mama Sahani aliiona nyumba yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka kadhaa, akashikwa na hasira: utando wa buibui kila pembe, masizi ukutani, doa la chai kwenye kitambaa cha meza ambalo kila mgeni alikuwa amelistahi kimyakimya. Kisha akamgeukia mumewe.

"Mwalimu! Mbona umezeeka hivi?"

"Nilizeeka zamani," alisema mwalimu. "Wewe ndiye hukuwa umepata taarifa."

Baada ya wiki tatu alirudi kazini. Ilikuwa asubuhi shwari, maji yametulia kama mafuta kwenye sinia. Nahodha alitia nanga katikati ya ziwa, Mama Sahani akainama, akaiachia kamba. Moja ikapita. Moja na arobaini ikapita, na sahani ilikuwa ikimtazama kutoka chini, nyeupe na nyeusi, waziwazi. Akaendelea kuachia. Mbili. Mbili na nusu.

"Nahodha, nani kabadilisha sahani?"

"Ni ileile, mama."

"Ziwa limefanywa nini?"

"Ni lilelile."

Ilipotea kwenye mita mbili na tisini. Aliivuta ikaonekana kwenye mbili na themanini. "Mbili na themanini na tano," alisema.

"Na mimi vilevile," alijibu Nahodha.

Hapo ndipo alipojiponza. Mama Sahani aliinua kichwa taratibu. "Mara ya mwisho nilisema moja na arobaini. Ukasema na wewe vilevile."

Nahodha aliitazama injini kana kwamba imemwita.

"Leo ningesema mita mia?"

"Mama..."

"Wewe, ukiinama, unaona mpaka wapi? Niambie ukweli. Tuko wawili tu, na mimi ninajua kuogelea. Wewe je?"

Nahodha akachungulia majini. "Tatu kasoro kidogo."

"Tangu lini?"

"Ah... siku zote nikichungulia hucheza hapo hapo. Kuna mwaka palichafuka kidogo."

"Na ukakaa kimya!"

"Ningesemaje, mama?" Maneno yalimtoka Nahodha kwa wingi ambao boti ile haikuwahi kuusikia. "Wewe ndiye mpimaji, mimi ni wa injini. Nikuambie, mama, wewe huoni? Mke wangu nikimwambia chumvi imezidi, nalala sebuleni. Nikasema labda wataalamu wana namna yao ya kutoona."

Mama Sahani alilifunika jicho la kulia kwa kiganja, akabaki na la kushoto, lile ambalo daktari alikuwa hajaligusa. Aliivuta sahani, akaishusha upya. Kwenye moja na arobaini ikatoweka. Akaondoa kiganja: ile pale. Akafunika: haipo. Akarudia mara tano, sita, kama mtu anayechezesha mtoto mchanga. Kisha akakaa chini kabisa, kwenye maji machafu ya sakafu ya boti, akawaza vigingi vyekundu, na gari jipya, na safari nne za ndege, na mtu aliyembeba mgongoni alipokuwa na surua.

"Turudi," alisema.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa tai na maji ya chupa. Kwa miaka sita ya ukuu wake hakuna aliyewahi kumwona amelowa. Zilikuwa zimebaki wiki sita kufika kikao kikubwa cha baraza la bonde: wakulima, wafugaji, wachimba mchanga, na wageni wa mradi. Ofisini kwake alimsikiliza Mama Sahani mpaka kwenye namba, hakungoja sababu.

"Mbili na themanini na tano!" Alisimama. "Kutoka moja na arobaini! Hayo ndiyo mafanikio ya mradi!"

"Mkuu, ni jicho."

"Ni mradi."

"Ni jicho, mkuu. La kulia. Ziwa si shuka, kwamba mtu kalifua Jumamosi akalianika."

Mkuu akaketi, akaishusha sauti kama mtu anayetoa rambirambi. "Mama Sahani, habari za jicho lako ni jambo la kitabibu. Hizo ni siri zako na daktari. Kituo hiki hakiwezi kuingilia siri za mgonjwa." Akafungua chupa yake ya maji, dalili kwamba mazungumzo yamekwisha.

Alipotoka alipita mlango wa maabara. Humo alikaa msichana mmoja mwembamba, mwenye kazi ya kuchuja lita moja ya maji kutoka kila sehemu iliyopimwa, kuikausha karatasi ya kuchujia na kulipima uzito tope lililobaki. Mama Sahani alikuwa akimletea chupa hizo miaka yote bila hata kumuuliza zinaishia wapi.

"Mwanangu, hilo tope lako huwa unaliandika?"

Binti wa maabara alitoa madaftari matano. "Mwaka juzi nilimwambia mkuu kwamba tope langu na sahani yako havielewani. Sahani inasema maji yanazidi kuchafuka, mizani inasema yameanza kupungua tope. Akasema mizani imeharibika."

"Iliharibika?"

"Ni mpya."

Mama Sahani aliyabeba madaftari yote matano hadi nyumbani. Na jioni hiyo hiyo, binti yake alipopiga simu kumkumbusha tarehe ya jicho la pili, alimwambia jambo lililomfanya muuguzi huyo apande gari aje mwenyewe.

"Hutaki kufanyiwa? Mama! Unataka kuwa kipofu kwa sababu ya ziwa?"

"Nani kasema sitaki? Nimesema bado. Sasa hivi nina jicho la mwaka jana na jicho la mwaka huu, yote kwenye uso mmoja. Wakishaliondoa la mwaka jana, nani ataniambia nilikuwa naona nini?"

"Baba, ongea naye."

Mwalimu alishusha gazeti. "Miaka thelathini na miwili tumeoana," alisema kwa heshima, "na leo ndiyo mara ya kwanza mama yako amesema jambo la kihesabu. Muache."

Wiki sita alipima akiwa na kitambaa mkononi. Sehemu zote tisa za ziwani na midomo ya mito mitatu, kila mahali mara mbili: kulia, kushoto. Nahodha sasa alilazimishwa kuinama kweli, tena aandike namba yake kwenye karatasi aifunike kabla hajasikia ya mwenzake. Siku ya kwanza alilalamika mgongo. Siku ya tatu alidai kwamba wamepishana kwa sababu yeye ndiye anayeona vizuri zaidi. Nyumbani, meza ya kulia ilifunikwa na kalenda kuukuu, na nyuma ya kalenda hizo mwalimu alichora mistari: mmoja wa sahani ya jicho bovu, mmoja wa sahani ya jicho zima, mmoja wa tope la binti wa maabara. Mama Sahani akiomba chai aliambiwa asiiweke juu ya mwaka wa nne.

Walichokiona kilikuwa hivi. Ziwa liliugua kweli. Miaka mitatu ya mwanzo tope liliongezeka kila msimu, na pengine sahani ingepotea kwenye mbili na nusu hata kwa macho ya mwewe. Kisha, baada ya ile amri ya hatua thelathini, tope likaanza kupungua polepole. Lakini wakati ziwa linapata nafuu, mtoto wa jicho naye alikuwa anakua, na alikua haraka kuliko nafuu. Ziwa lilikuwa na homa; Mama Sahani aliliandikia cheti cha kifo.

Jambo moja lilimfanya arudie kupima mara nne. Kwenye mdomo wa mto wa kaka yake, jicho la kulia lilisema sentimita ishirini na tano. Jicho la kushoto nalo likasema sentimita ishirini na tano.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa, viti vya plastiki vikapungua, waliochelewa wakasimama ukutani. Mkuu alizungumza saa nzima. Alionyesha picha za miti. Mwishowe akasema ziwa limefufuka ndani ya miezi miwili, akaomba makofi kwa shujaa wa sahani, akamwita mbele aseme maneno mawili.

Mama Sahani alisimama. Alimwona mwalimu upande wa kushoto, na kaka yake safu ya nyuma, amekunja mikono.

"Maneno yangu ni haya," alisema. "Nilikuwa sioni."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wa kuanzia. Akaendelea. Akasimulia lile koti, yule mwanamume wa shati la bluu, yule mtoto wa jicho na pacha wake. Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia. Kisha akafika kwenye namba, na kicheko kikakatika. Akalifunika jicho moja, akaeleza linaona nini. Akalifunika la pili. Akamwita binti wa maabara asome uzito wa tope mwaka kwa mwaka. Mkuu wa kituo aliinamia simu yake kama anayetafuta humo mlango wa kutokea.

"Ziwa halikuwa linakufa," alimaliza Mama Sahani, "wala halijafufuka. Lilikuwa linaumwa na sasa lina nafuu kidogo. Alama yake ni C. Makosa ya miaka mitano ni yangu, na naomba radhi."

Kaka yake alikuwa ameshasimama. "Kwa hiyo mimi nimenyang'anywa shamba na jicho!"

Ukumbi ukavuma. Mama Sahani alingoja utulie. "Katikati ya ziwa, kaka, jicho lilinidanganya. Kwenye mdomo wa mto wako halikunidanganya. Pale maji ni mazito kiasi kwamba mwenye macho na asiye na macho wanaona sawa. Mito mingine miwili imepungua tope. Wako bado."

"Siamini."

"Kesho asubuhi njoo kwenye boti."

Alikuja, amevaa viatu vya kutokea, labda kuonyesha kwamba hakuja kufanya kazi. Hakumsalimu. Alikaa mbele, mgongo wima, mikono imeshika kingo za boti. Nahodha aliwapeleka hadi mdomoni mwa mto, pale maji yanapogeuka rangi ya matofali. Mama Sahani alimpa kamba kaka yake mkononi.

"Shusha mwenyewe."

Aliishusha. Sahani ilizama shubiri moja na kidogo, ikawa kama haijawahi kuwako. Aliivuta. Akaishusha upya, taratibu zaidi, pua ikikaribia kugusa maji. Akafunika jicho moja. Akafunika la pili.

"Kamba hii ni fupi," alisema hatimaye.

Jicho la kulia la Mama Sahani, jipya, lilikuwa limenyanyuka kutoka majini likatua ukingoni. Vigingi vyekundu vilikuwa pale. Na chini ya vigingi, kuelekea mtoni, ilionekana mistari minne ya kijani iliyonyooka vizuri sana.

"Kaka, na vile vitunguu?"

Kaka yake alivitazama kama anayejaribu kukumbuka waliwahi kukutana wapi. "Vimeota vyenyewe."

"Kwa mstari?"

Nahodha alikohoa. Ndipo kicheko kilipomtoka yule mkulima, kwanza puani, kisha kifuani, mpaka boti ikayumba na viatu vyake vya kutokea vikaingia maji. Mama Sahani naye alicheka mpaka jicho lililofanyiwa upasuaji likauma. Walipokuwa wakirudi, kaka yake alimuuliza kama anaendelea vizuri na hilo jicho, na kama wakati wa upasuaji mtu anasikia maumivu. Lilikuwa swali la kwanza kumuuliza kwa miaka miwili.

Mwezi uliofuata Mama Sahani alifanyiwa jicho la pili, na binti yake alisimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji asije akatoroka. Mkuu wa kituo alinuna wiki moja, halafu akaandika mada aliyoiita Kanuni ya Jicho, kwamba wapimaji wote wapimwe macho kila mwaka, akapanda nayo ndege mara ya tano. Madaftari ya binti wa maabara yakaanza kusomwa. Kipima oksijeni kimebaki kwenye boksi lake.

Vitunguu viling'olewa, ingawa si siku ileile; kaka alisema vingoje vikomae, si haki kuadhibu kitunguu kisichojua sheria. Alipanda matete kingoni, akayalalamikia, akayapalilia. Siku hizi, kila boti ikipita mdomoni mwa mto wake, yeye huwa amesimama ukingoni, jembe begani, kofia mkononi.

"Ngapi leo?" hupaza sauti.

"Arobaini na tano!"

"Umeinama vizuri?"

"Nimeinama!"

"Na yeye?"

Nahodha huinua karatasi yake juu ionekane, na mkulima huirudisha kofia kichwani, akaenda zake.